Hewani, Kati ya Singida na Tabora

Kutoka uwanja wa ndege wa Singida hadi ule wa Tabora, ukipita juu kwa juu, ni maili mia moja na thelathini hivi. Ndege ndogo ya injini moja huzimaliza kwa saa moja, na ikizidi kidogo ni shauri la upepo. Kwa barabara ni habari nyingine. Unateremka Sekenke, unapita Igunga, unafika Nzega, unapinda kusini, na katika miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, ukiingia Tabora ukiwa bado na meno yako yote, ulimshukuru Mungu kwanza, halafu dereva.

Watu wanaosoma makala zangu hudhani nayajua mambo haya kwa sababu nilisoma jiografia chuo kikuu. Ni kweli nilisoma. Nilisoma pia jinsi mito ya Ulaya inavyokula kingo zake, na hilo nimelisahau kabisa. Hili la Singida na Tabora silisahau kwa sababu mdogo wangu wa kike alikwenda njia hiyo, na hakuimaliza.

Nilikuwa nimerudi likizo ndefu, masika yanaelekea ukingoni. Kijiji chetu, upande wa Mtinko, kilikuwa kipya. Tulikuwa tumehamishiwa pale mwaka uliotangulia, na nyumba zilisimama kwa mistari kama shamba la mfano. Wazee walikuwa bado wanapotea wakirudi kutoka kilabuni, maana kila nyumba ilifanana na ya jirani. Mimi waliniita Profesa. Nilikuwa mwaka wa pili tu, na ningepaswa kukanusha, lakini niliitika.

Mdogo wangu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa Tanga kwenye mkonge, kwa hiyo alirudi kujifungulia kwa mama, kama ilivyo desturi. Uchungu ulimshika, ukaendelea kuliko ulivyostahili, mpaka mkunga wa kijiji akatoka ndani akifuta mikono na kusema, bila kumwangalia mtu, kwamba kazi hii imemzidi. Mhindi mwenye duka pale Mtinko akatoa pikapu yake. Alishusha mwenyewe magunia ya karanga, akatandika godoro la nyumbani kwake, na hakuuliza lolote ila njia gani ina mashimo machache.

Hospitali ya misheni ilitupokea vizuri, lakini mganga wa kupasua alikuwa Tabora. Hapohapo tukaambiwa tuna bahati. Ndege ya misheni ilikuwa imeleta dawa asubuhi ile na ilikuwa inarudi Tabora. Bahati. Nakumbuka nililirudia neno hilo kwa mama mara kadhaa, kama mtu anayeuza kitu.

Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha ardhi nyekundu kilichosawazishwa, na mbuzi walikuwa wametawanyika juu yake. Kwanza mbuzi walifukuzwa. Kisha rubani, Mzungu aliyesema Kiswahili cha Kinyamwezi, akatuangalia mmoja mmoja, kimo na mapana, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Mama," alisema, "siti iliyobaki ni moja, na lazima akae nesi."

"Mimi ni mwepesi," mama akasema. "Nipime."

"Siyo uzito tu, mama. Ni siti."

"Nitakaa chini."

"Chini atalala mgonjwa."

Mama alikuwa na kikapu cha unga wa uwele, kwa sababu hakuamini kwamba watu wa Tabora wanajua kumpikia mzazi uji. Alikitazama kikapu, akamtazama rubani.

"Basi unga uende. Unga hauhitaji siti."

Kikapu kikaingizwa. Mdogo wangu alikuwa ameshalazwa kwenye machela sakafuni mwa ndege, kichwa kikielekea mlangoni, nami nikainama kumuaga. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Lakini ulimi ulikuwa ni uleule, ulimi uliokuwa ukinisumbua tangu utotoni.

"Kaka, umewahi kupanda hii?"

"Bado."

"Na usomi wote huo?" Alijaribu kucheka, uchungu ukamkata, akangoja upite. "Basi leo nimekupita. Wa kwanza katika ukoo ni mimi. Ukirudi chuoni uwaambie."

"Nitawaambia."

"Mpaka huko ni muda gani?"

"Saa moja."

"Saa moja tu?"

"Saa moja."

Akafumba macho. "Saa moja naiweza," alisema.

Ndege ikakimbia, ikaruka, ikageuza bawa kuelekea magharibi. Mama alisimama akiisikiliza mpaka sisi wengine tulipokuwa tumekwisha kuacha kuisikia. Njiani kurudi, ndani ya pikapu, niliangalia saa yangu ya mkononi, kitu cha fahari sana kwangu wakati ule, na saa moja ilipotimia nikamwambia: "Mama, wamefika." Aliitikia kwa kichwa polepole, akasema asante, kana kwamba ni mimi niliyemfikisha.

Misheni walikuwa na simu ya upepo. Baadaye niligundua kwamba habari ilifika Singida siku ileile, pengine kabla pikapu haijaingia Mtinko. Lakini habari ya namna ile haipigiwi mtu kelele kutoka kwenye mashine, hata mapadri walilijua hilo. Wakamtuma katekista wetu, mzee mpole aliyetubatiza sote.

Katekista alikuja siku ya pili yake. Akakaa, akaulizia mvua. Mama akasema mvua inatosha. Akaulizia uwele. Mama akasema ndege waharibifu ni wengi mwaka huu. Akanywa togwa, akashukuru, akaondoka.

Akarudi tena siku nyingine. Safari hii alisifu kuku wetu. Alikaa muda mrefu akiwasifu, jogoo peke yake alipata hotuba nzima, kisha akasimama ghafla akasema kuna mtu anamngojea. Mara ya tatu alishindwa hata kuzungumzia kuku. Alishika kofia yake mapajani, akaangalia ardhi, akaugua kwa sauti, akaaga.

Mama, aliyekuwa mjane tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alimsindikiza kwa macho.

"Huyu mzee ana nini?" aliniuliza. "Au anataka kunioa?"

Tulicheka. Tulicheka sana, tukashika mbavu, mama akijifuta machozi kwa pembe ya kanga na kusema itabidi amngojee binti yake arudi wajadili mahari. Hicho ndicho kicheko ambacho nimeshindwa kukisamehe. Hakuna aliyekosea, na bado siwezi.

Ndege iliporudi Singida wiki iliyofuata, nesi alikuja kijijini mwenyewe. Alikuwa msichana wa Kinyiramba, umri wa mdogo wangu. Alitembea kutoka barabarani kupita mstari wa nyumba zile zinazofanana, akiuliza mlango wetu, na mkononi alibeba kikapu. Mama alikiona kikapu kabla ya kumwona mtu. Alikuwa anapeta. Aliweka ungo chini, akakaa kitako palepale alipokuwa, miguu ameinyoosha mbele kama watu wanavyokaa msibani. Nesi alipofika alikuta hana la kutangaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alifika?"

"Hakufika, mama. Alituacha angani."

Mtoto hakutoka. Masista wa Tabora waliwazika pamoja, kwa sala zote, kwa sababu joto halikuruhusu kungoja. Nesi alieleza yote hayo vizuri, akilia bila sauti, na mama akamsikiliza mpaka mwisho. Unga ulikuwa haujaguswa.

Msiba ukakaa, watu wakaja, wakaondoka. Ulipokwisha ndipo mama akaanza kuniuliza swali lake.

"Angani wapi?"

Sikuelewa. Nikasema angani, mama, kati ya Singida na Tabora.

"Kila mahali kati ya Singida na Tabora pana chini yake," alisema. "Nataka kujua chini yake ni wapi."

Kwao Misigiri, alieleza, mtu akifia njiani hajui kama amekufa. Anakaa palepale, anawangoja wenzake aliokuwa nao, anashangaa mbona hawarudi. Ni lazima aliyemzaa aende mahali hapo, amwagie maji ya nyumbani, amwambie njia yake imeishia hapa. Kaburi la Tabora lina mwili, hilo hakubishana nalo. Padri ameshaliombea. Lakini mtoto mwenyewe alibaki njiani, na njia hiyo hakuna mtu aliyewahi kuipita kwa miguu.

Mimi chuoni nilikuwa na vitabu vizima vya kupinga imani ya namna hiyo, na nilikuwa nimeandika insha moja iliyosifiwa. Niliifikiria insha ile kwa muda mfupi. Kisha nikaenda misheni kumtafuta nesi.

Nesi alikumbuka. Alikuwa ameshika mkono wa mgonjwa na kutazama saa kwa ajili ya kuhesabu mapigo, na mapigo yalipokoma ilikuwa yapata nusu saa tangu waruke. Alipoinua macho aliona kupitia dirishani maji mengi yanang'aa, tambarare, pande zote. Hakujua ni wapi.

Mimi nilijua. Nusu ya muda ni nusu ya njia, na katikati ya njia, pakiwa na maji mengi wakati wa masika, ni mbuga ya Wembere. Hesabu ya darasa la nne. Nakiri nilisikia raha kidogo ilivyotoka sawasawa, raha ya mwanafunzi, kabla sijakumbuka ni hesabu ya nini.

Mwalimu wa shule yetu alitufungulia darasa siku ya Jumamosi. Ramani ilikuwa ya kitambaa, imening'inia ukutani, bado imeandikwa Tanganyika. Mama hakuwahi kuona ramani kwa karibu.

"Singida ni hii?"

"Ndiyo."

"Ndogo hivi?"

"Zote ni ndogo, mama."

Nikavuta uzi kutoka Singida hadi Tabora. Nikamweleza kwamba rubani huenda hakunyoosha hivi, kwamba upepo husukuma, kwamba saa ya nesi inaweza kuwa inakimbia au inachelewa, na kwamba hakuna mtu, hata rubani mwenyewe, anayeweza kupataja mahali penyewe. Nilizungumza muda mrefu. Alinisikiliza kwa heshima ile wazazi wetu waliyokuwa nayo kwa elimu.

"Nimesikia," alisema. "Weka kidole."

Nikaweka.

Akasogea, akainama, akatazama. "Toa nione. Rudisha." Nikarudisha. "Hapo chini ya kidole chako pana ukubwa gani?"

"Mwendo wa siku nzima kwa miguu, mama. Labda zaidi."

"Kidole chako kinene," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia akilia.

Tulingoja Wembere ikauke. Mwenyekiti wa kijiji, alipopata habari za safari, alikuja akiwa amevaa kofia yake ya chama.

"Mama, Jumatatu ni shamba la kijiji. Palizi ya vitunguu vya kiangazi, bondeni."

"Najua."

"Na huyu Profesa tulimtegemea kwenye palizi."

"Huyu?" Mama alinitazama mikono. "Mwaka jana aling'oa uwele akaacha magugu. Mtafaidi akiondoka."

Mwenyekiti akacheka, kisha akavua kofia. "Mnakwenda wapi hasa?"

"Kumwona mwanangu."

Alituaga kofia ikiwa bado mkononi. Kwenye palizi ile, niliambiwa baadaye, alilima sehemu yetu yeye na mkewe.

Tulitembea hadi Iguguno, tukadandia lori lililokuwa limebeba alizeti, tukashuka Misigiri kwa mjomba, kaka yake mama. Mama alibeba kibuyu cha maji ya kisima chetu, amekiziba kwa gunzi la mahindi, na kila tulipopata kiu njiani tulinunua au kuomba maji mengine. Mjomba alikuwa mtu wa maneno mengi. Alimsikiliza dada yake kwa Kinyiramba, sauti zao zikashuka mpaka nikatoka nje, na asubuhi akachukua fimbo yake, akatangulia. Ng'ombe wake walikuwa wameshateremshwa Wembere kwa malisho ya kiangazi. Tukashuka naye mlima, tukafuata ukingo wa mbuga kwenda kusini.

Sijui kama kuna mahali tambarare kuliko pale. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka vipande vikubwa, majani yamekauka kimo cha kifua, na mbali sana mti mmoja wa mgunga ulionekana kama mtu aliyesimama. Kambini kwa mjomba tulikuta wachungaji wawili, watu wazima wenye familia zao, waliokaa pale ukingoni hata wakati wa masika. Mjomba akawauliza kuhusu ndege ya masika.

"Ile nyeupe? Ilipita kule, juu ya migunga," alisema mmoja.

"Migunga ya wapi? Ilipita huku, karibu na bwawa."

"Wewe siku hiyo ulikuwa umelala."

"Nilale, na ng'ombe wa baba yako walikuwa wanachungwa na nani?"

"Walikuwa wanajichunga. Ndiyo maana mmoja alizama."

"Alizama kwa sababu ya urithi wa macho mabovu ya kwenu!"

Walibishana hivyo kwa moyo wote, kila mmoja akinyoosha fimbo upande wake, mpaka mjomba akawaambia kwa nini tunauliza. Fimbo zikashuka. Wakaanza kukubaliana haraka haraka, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyeona vizuri, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza.

"Mliisikia sauti?" mama akawauliza.

"Ya ndege, mama?"

"Ya ndege."

"Tuliisikia."

"Ilikatika mahali?"

Wakatazamana. "Haikukatika. Ilikwenda tu mpaka ikaisha."

Mama akaondoka bila kungoja mtu wa kumwonyesha. Aliingia majanini, akaenda moja kwa moja mbele, mjomba na mimi nyuma yake, na mimi nikijaribu kukisia kwa jua kama bado tuko chini ya uzi wangu. Alisimama mahali pasipo na tofauti yoyote na pengine. Nilidhani amechoka. Hakuangalia chini. Aliinua uso na kutazama juu, muda mrefu, mpaka na sisi tukatazama. Hapakuwa na kitu. Hata mwewe.

"Ilikuwa juu kiasi gani?" aliniuliza.

Sikuwa nimelifikiria hilo kamwe. Nilikuwa nimepima kutoka mashariki kwenda magharibi, kutoka mji hadi mji, juu ya kitambaa kilichonyooka.

"Sijui, mama."

"Kisia."

"Maili moja. Labda na kitu."

"Maili moja ni kama wapi?"

Nikafikiri. "Kama kutoka nyumbani kwetu hadi sokoni."

Akalifikiria soko, nadhani, na njia ya kwenda sokoni, njia aliyoipita kila wiki na kikapu kichwani na binti yake akimfuata nyuma. Aliitazama njia hiyo ikiwa imesimama wima kutoka pale tulipokuwa, kupanda juu.

"Basi hatujafika," alisema.

Mjomba akakohoa. "Dada. Huko hakuendeki."

"Najua hakuendeki."

Akazibua kibuyu. Nilidhani sasa atamwaga, kwa kuwa ndilo lililotuleta, na nikawa tayari nimeinamisha kichwa. Badala yake akajaza kiganja, akarusha maji juu kwa nguvu zake zote, kama mtu anayerushia nafaka kuku walio mbali. Akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni. Maji yakapanda kidogo, yakatawanyika, yakaturudia usoni. Akajaza tena. Alirusha na kuita, akarusha na kuita, kila mara akisimama kwa ncha za vidole, na mjomba, ambaye kwa kawaida hakukosa neno, alimshika kiuno asianguke. Mimi nilisimama pale na elimu yangu yote, shati limelowa, nikitamani angalau ningekuwa mrefu zaidi.

Maji yakaisha. Mama aliendelea kuita kwa muda, mkono mtupu. Mwishowe akamgeukia mjomba akamuuliza kama anadhani mtoto amesikia.

"Wewe ndiye mama yake," mjomba akasema. "Wewe unaonaje?"

Mama akakiziba kibuyu kitupu kwa gunzi lake. Tulirudi kambini tukifuata majani tuliyokuwa tumeyalaza wakati wa kwenda, yeye mbele, na kila baada ya hatua chache alisimama, akageuka, akatazama juu.